Kusini: aliyenusurika kujiua tunampeleka hospitali au tunamficha ndani?

Mwana_Tandahimba (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Sharti kwanza. Kwenye uzi huu asitokee mtu wa kueleza fulani alitumia nini na alifanyaje, wala kuweka picha au barua ya marehemu. Imeshaonekana katika nchi nyingi kwamba habari ya kujiua ikisimuliwa kwa undani, wale ambao tayari wamelemewa huiga. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina mwongozo wa waandishi wa habari juu ya jambo hilihili. Atakayekiuka namripoti kwa mods, asinilaumu.

Haya. Tumezika mtu huku kwetu, aliyejitoa uhai. Kijiji sitaji. Barazani kila mmoja alikuwa na maelezo yake: karogwa, deni, mke, bangi, laana ya ukoo. Nikawa nasikiliza tu. Halafu mzee mmoja wa familia akanivuta pembeni, akaniambia kwamba marehemu alishajaribu kabla, wakamwahi. Walimhangaikia usiku mlango ukiwa umefungwa, hospitali hawakwenda kwa sababu "kule wataita polisi". Jamaa akapona, akarudi shambani, ikawa imekwisha hiyo. Hakuna aliyemgusia tena, maana kumgusia ni kumwaibisha.

Hoja yangu iko hapo. WHO wanasema katika dalili zote za hatari, iliyo nzito kuliko zote ni mtu kuwa alishawahi kujaribu. Kwa hiyo mtu wa kwanza aliyestahili kuangaliwa, tunayemjua jina na nyumba, ndiye tuliyemfungia ndani ili majirani wasijue.

Tukipanua kidogo: watu zaidi ya 720,000 duniani hufa kwa kujiua kila mwaka. Kwa makadirio ya 2021, asilimia 73 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambamo na sisi tumo. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Na kwa kila anayekufa, inakadiriwa wapo kama 20 waliojaribu. Hao 20 hapa Mtwara na Lindi wako wapi? Nani amemwona hata mmoja anahudhuria kliniki bila kujificha?

Mimi naona vinavyoua zaidi ni hofu ya polisi na aibu. Umaskini upo, mapenzi yapo, lakini hayo mawili ndiyo yanayomzuia mtu kupata msaada wakati bado yuko hai. Karibuni.

Papai_la_Mikindani

Mleta uzi unazunguka bure. Imani imeshuka, basi. Wazee wetu walipita njaa, wakapita vita vya ukombozi vya Msumbiji hapo ng'ambo ya Ruvuma, hawakujiua. Kijana wa leo kaachwa na mpenzi, mkeka wa kubeti umechanika, anataka kufa.

Nesi_Mstaafu

Papai mwanangu, wazee wako walijiua. Kilichokuwa hakipo ni wa kuandika. Msibani ilisemwa "homa ya ghafla" au "kaanguka shambani", na sisi wauguzi tukaambiwa tunyamaze kwa heshima ya familia. Nimefanya kazi wodini huku kusini mpaka nikastaafu. Niliowapokea si vijana wa mikeka peke yao. Wapo wazee wenye maumivu yasiyoisha, wapo akina mama wiki chache baada ya kujifungua, wapo walioambiwa majibu ya kipimo wakatoka nje bila mtu wa kukaa nao hata nusu saa.

Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Mtu halali au analala kutwa, chakula hakipandi, kazi aliyokuwa akiipenda haina ladha, anajiona mzigo. Huku kwetu anakuja zahanati anasema kichwa, mgongo, moyo unakwenda mbio. Anapimwa malaria, anapewa panadol, anarudi. Mara tatu nne hivyo. Hakuna anayemuuliza amelalaje.

Na inatibika. Kuna mazungumzo ya ushauri na kuna dawa. Dawa hizo huchukua wiki mbili mpaka nne kuanza kufanya kazi sawasawa, na wiki hizo za mwanzo ndizo za kumkaribia mgonjwa, msimwachie kopo lote la vidonge mwenyewe. Dawa ziko kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Kuwemo kwenye orodha na kuwemo kwenye kabati la zahanati ya kijijini ni mambo mawili, hilo siwafichi.

Kingine, watu wakisikia afya ya akili wanafikiria Mirembe tu, Dodoma huko, hospitali iliyoanza 1927 na jina lake likageuka tusi. Si lazima ufike Mirembe. Anzia Ligula ukiwa Mtwara, Sokoine ukiwa Lindi, ulizia kitengo cha afya ya akili. Na usione haya kuuliza pale mapokezi, hata kama yule kijana wa mapokezi atakuangalia mara mbili.

Papai_la_Mikindani

Sawa bi mkubwa, nimekusikia. Ila imani bado naishikilia.

Wakili_wa_Nyanda

Naweka sheria mezani maana wengi wanaisikia tu vijiweni.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217: kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kifungu cha 216 kinamhusu anayemshawishi au kumsaidia mwingine ajiue, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Hicho cha 216 sina ugomvi nacho, kinalinda watu. Ugomvi wangu ni 217.

Sheria hii tuliirithi kwa Mwingereza. Mwingereza mwenyewe aliifuta kwake 1961. Angalieni mwaka huo! Tunapandisha bendera ya Uhuru, London wameshaamua kwamba aliyejaribu kujiua si mhalifu, sisi tumebaki na karatasi yao mpaka leo.

Wenzetu wanaondoka mmoja mmoja. India sheria yao ya afya ya akili ya 2017 inamchukulia aliyejaribu kuwa mtu mwenye msongo mkubwa, anayestahili matunzo na si kushtakiwa. Ghana walibadilisha 2023. Malaysia pia 2023. Hapo Kenya, Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu chao cha 226, ambacho ni ndugu wa 217 yetu, kinapingana na Katiba.

Mtaniambia kesi za namna hii ni chache. Hata zikiwa chache, madhara yake hayapimwi kwa idadi ya mafaili. Ile familia ya Tandahimba haikusubiri kushtakiwa. Ilisikia tu kwamba ni kosa, ikafunga mlango.

Bodaboda_Chuno

Wakili, na PF3, ile fomu ya polisi, je? Mimi nimewahi kubeba mgonjwa wa hivi usiku. Tumefika kituo cha afya fulani (sikitaji) tukaambiwa twende polisi kwanza tuchukue PF3. Nikawaambia huyu anakufa kwenye pikipiki yangu. Dada mmoja wa zamu ndiye aliyetuingiza kwa mlango wa nyuma.

Nesi_Mstaafu

Alifanya ndivyo. Dharura inahudumiwa kwanza, karatasi inafuata. Anayekurudisha polisi na mgonjwa hajitambui, ulizia mganga wa zamu kwa sauti mpaka atoke. Na wewe mwanangu ubarikiwe, wengine wangemwacha njiani wakiogopa kuwa shahidi.

Karani_wa_Mizani

Mmeongelea hospitali na sheria. Mimi niko AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ngoja niwaletee ya pesa, maana mleta uzi ameipita haraka mno.

Huku mwaka wetu hauanzi Januari. Unaanza mnada wa kwanza wa korosho, Oktoba. Hapo kuna nyama, kuna harusi, kuna pikipiki mpya na mke wa pili. Ikifika Februari, Machi, ndani hamna kitu. Mtoto kapangiwa shule, mama mgonjwa. Ndipo anapokuja mtu wa kangomba na pesa taslimu, anainunua korosho yako kabla haijatoa hata ua, kwa bei ya kukudhalilisha. Ukikwepa kangomba unaingia kausha damu: marejesho kila siku au kila wiki, ukichelewa wanakuja kubeba godoro mbele ya watoto. Siku hizi kuna na mikopo ya kwenye simu. Ukichelewa wanawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako, mkwe, shehe, mwalimu wa mwanao, kwamba fulani ni tapeli. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzikataza programu za aina hiyo zisizo na leseni. Nyingine zinarudi na jina jipya.

Angalieni, mwenye deni la benki anawaza atalipaje. Mwenye deni la kausha damu anawaza atapita wapi asionekane. Fedheha hiyo ndiyo nzito. Mwanamume wa huku anaweza kula mlo mmoja miezi mitatu asikuambie, ila godoro likibebwa hadharani, hapo ndipo naogopa.

Mnakumbuka msimu wa 2018/19? Serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba mzigo, halafu ukaja uhakiki na watu wakakaa miezi wakisubiri hela. Sisemi watu walijiua kwa ajili ya hilo, sina ushahidi wowote. Nasema mlikuwa mnaiona sura ya mtu anayekuja ofisini kila asubuhi kuuliza "bado?", na sisi hatukuwa na jibu, na hakuna aliyefikiri kwamba pale panahitajika chochote zaidi ya hela.

Jambo jingine la shambani, nitaligusa bila kuingia ndani kwa kuheshimu sharti. Dawa za mikorosho tunazihifadhi wapi? Chini ya kitanda, kwa sababu ni za ruzuku na zinaibwa. Sri Lanka kuanzia miaka ya 1990 walipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, kundi kwa kundi, na kiwango chao cha kujiua kilishuka kwa karibu asilimia 70 katika miaka iliyofuata. Kilimo hakikufa. Hamu ya kufa mara nyingi ni ya saa chache. Ikipita na mtu hakuwa na kitu karibu, wengi wanaishi. Nimewahi kupendekeza stoo moja ya pamoja yenye kufuli, mzee mmoja akaniuliza kama nataka kuwaibia kwa jumla badala ya rejareja. Nikacheka, nikakaa.

Ustaadh_Kilwa

Assalaam alaykum. Nimeona limetajwa suala la imani, na mimi nalijibu kwa sababu huwa naitwa kwenye hizi janaza na vurugu zake nazijua.

Kujiua ni haramu, hapana shaka. Suratun Nisaa aya ya 29 inasema msijiue. Lakini someni mpaka mwisho wa aya: hakika Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwahurumia. Watu wanakatia katikati.

Wapo wanaosema aliyejiua hasaliwi, azikwe kimyakimya bila dua. Hayo si madhehebu yetu ya Shafii. Ni Muislamu: ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa, atazikwa makaburi ya Waislamu. Ile hadithi ya Jabir bin Samura iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakumswalia mtu aliyejiua, wanazuoni wengi wameieleza kuwa ni kuwaonya walio hai, na maswahaba walimswalia. Kwa hiyo imamu mkubwa akijiweka pembeni kwa onyo, sawa. Msikiti mzima kususa, hapana. Na aliyeondokewa na akili kwa maradhi, hesabu yake ni nyingine kabisa. Kalamu imeinuliwa kwa watatu, mmoja wao ni asiye na akili mpaka akili imrudie.

Nawaombeni msiwaongezee wafiwa msiba juu ya msiba. Nimeona mjane amekaa eda na hakuna jirani anayempelekea uji kwa sababu "ile nyumba ina mkosi".

Mndanda

Na upande wetu Wakatoliki ni hivyohivyo ustaadh. Zamani sheria ya Kanisa ilimnyima maziko, lakini ile ya 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu namba 2282 na 2283 inasema maradhi mazito ya akili, hofu au mateso hupunguza lawama ya mtu, na Kanisa linamwombea. Katekista wa kigango anayesema vinginevyo aulizwe amesoma wapi.

Binti_Nyangao

Nimewasoma kimya tangu juu. Wanaume mmeongea vizuri ila mmejiongelea wenyewe. Ni kweli duniani wanaume wanaokufa ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Wanaojaribu wengi ni wanawake. Na mwanamke akijaribu akapona, mnasema "alikuwa anatishia tu", "anataka kumrudisha mume". Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, tena kutoka kwa watu wenye digrii. Huyo mnayesema anatishia ndiye mliyesema awali hapa kwamba ni namba moja kwenye hatari. Au kanuni hiyo ni ya wanaume?

La pili. Zamani huku kwetu mjomba alikuwa na kazi. Mpwa akisumbuka, anakwenda kwa mjomba na mjomba anakaa naye, maana mtoto ni wa upande wa mama. Sasa mjomba yuko Dar anauza mitumba Karume, anapatikana kwa simu ukiwa na bando. Msijidanganye kwamba kila mjomba alikuwa mwema, wengine walikuwa ndiyo tatizo lenyewe. Lakini palikuwa na mtu ambaye ilikuwa ni wajibu wake kuuliza. Leo ni wajibu wa nani?

Mwalimu_Nachingwea

Binti umenipa pa kuingilia. Zimbabwe daktari wao wa akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare. Madaktari wa akili walikuwa hawatoshi hata kwa dawa. Akawafundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa jamii, namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Hakuna chumba wala koti jeupe. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa na bibi kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi huku makungwi na masomo, wale wanaofunda wali unyagoni, tunao. Mtu anayeaminiwa kumkalisha mwali akamfunza maisha, hawezi kufundishwa kumkalisha aliyelemewa?

Papai_la_Mikindani

Mwalimu, bibi zetu? Ukimwambia bibi wa huku jambo lako saa nne, saa sita lipo sokoni na limeongezwa chumvi. Benchi hilo litakuwa redio.

Binti_Nyangao

Ya unyagoni uliwahi kuyasikia sokoni, Papai? Umeoa, una watoto, na mpaka leo hujui mkeo alifundwa nini. Bibi akiamua kutunza siri anatunza. Ni kumpa kiapo na kumlipa posho, msimtumie bure kama mlivyozoea.

Papai_la_Mikindani

😂😂 Hapo umenimaliza.

Mgeni_Lindi

Samahani wakuu, sijui kama ni mahali pake. Nina mwenzangu kazini, tunafanya kazi Lindi mjini. Tangu biashara yake ya pembeni ife amekuwa kimya. Juzi amenipa simu yake nzuri bure, akasema yeye haihitaji tena. Jana kaniambia nikumbuke kumwangalizia wanawe. Nimeogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo ambalo hakuwa nalo.

Nesi_Mstaafu

Ni mahali pake kabisa. Muulize. Leo hii, usingoje kesho. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo la kujiua. Wengi wanashukuru kwamba hatimaye mtu ameona. Kaa naye mahali patulivu, umwambie ulichokiona: simu, maneno ya watoto, ukimya. Kisha uliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Usizungukezunguke.

Akisema ndiyo usimhubirie, usimwambie mbona wenzako wana shida zaidi. Msikilize. Muulize kama ameshapanga. Kama amepanga, usimwache peke yake hata kwenda msalani, muondoleeni vitu vya hatari nyumbani, mtafute ndugu mmoja anayemwamini, mwende Sokoine leoleo mkaombe mtu wa afya ya akili. Ukikwama piga 199, ni ya Wizara ya Afya, hailipiwi. Kwa mtoto au kijana wa chini ya miaka 18 kuna 116.

Na wewe mwenyewe usilibebe peke yako. Rudi hapa utuambie mmefikia wapi, hata kama ni usiku.

Bodaboda_Chuno

Kama unahitaji usafiri huko Lindi niambie PM, nina wenzangu kijiwe cha stendi. Bure.

Mgeni_Lindi

Ahsanteni. Naenda kwake sasa.

Wakili_wa_Nyanda

Mgeni, na wakikuuliza kuhusu polisi: yeye hajafanya kosa lolote. Kuwaza si jinai hata kwa 217. Mpeleke bila hofu.

Mwana_Tandahimba

Nimefuatilia zote. Wakili, suala la 217 tunaweza kuandika barua kwa mbunge, mimi nitasaini kwa jina langu halisi. Karani, nimevutiwa na ile stoo. Usikae. Ikiingia kama ajenda ya usalama wa pembejeo badala ya ajenda ya kujiua, wazee watapinga?

Karani_wa_Mizani

Ikiingia kama wizi wa pembejeo itapita bila mjadala, huo unamuuma kila mtu. Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, daftari la kutoa na kurudisha. Shida ni wenye mashamba ya mbali, hawatakubali kutembea kilomita saba kufuata chupa moja. Kwa hao nafikiria sanduku la bati lenye kufuli nyumbani, ufunguo ashike mtu mwingine. Fundi wa hapa anatengeneza, bei nitaulizia.

Mgeni_Lindi

Nimemuuliza. Amesema ndiyo. Amelia sana. Tupo na kaka yake, tunaelekea Sokoine.

Nesi_Mstaafu

Vizuri sana baba. Mkifika, mwelezeni mganga kila kitu kama ulivyotueleza sisi, pamoja na ile ya simu. Akipewa kitanda mmoja wenu alale naye. Akiruhusiwa kurudi, andikeni tarehe ya kliniki na nani atampeleka. Niko macho.